Mla Jana Kala Nini? Keki Ndogo za Chokoleti za Marekani na Safari Yake ya Kurudi Nyumbani

Utangulizi

Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hii inamkejeli mtu anayejivunia shibe iliyokwisha kupita. Hata hivyo, iko historia moja ya chakula inayokwenda kinyume na methali hiyo. Nchini Marekani na Kanada, watu wazima wenye uwezo wa kununua keki yoyote hutumia alasiri nzima jikoni wakijaribu kuoka keki ndogo ya chokoleti yenye krimu ndani, ile ile waliyokuwa wakinunuliwa dukani kwa senti chache walipokuwa watoto. Keki hiyo ilitoka kiwandani. Haikuwa ya bibi wala ya mama. Wao sasa wanaitafuta kwa sufuria, mwiko na oveni ya nyumbani.

Jambo hili linastahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa historia kwa sababu tumezoea mwelekeo mmoja tu: kitu huanza kwa mikono nyumbani, kisha kiwanda hukichukua. Hapa tunaona mwelekeo wa pili, yaani kitu cha kiwandani kinachukuliwa na mikono ya nyumbani. Insha hii inafuata safari yote mbili. Hoja yangu ni kwamba keki hii iliporudi nyumbani ilirudi na ladha yake, umbo lake na hata karatasi yake katika kumbukumbu za watu, lakini waliokuwa wakiioka hawakurudi nayo. Hamu ya zamani humkumbuka mlaji na kumsahau mwokaji.

Keki yenyewe ni ipi?

Kabla ya kuendelea ni vyema kueleza keki tunayoizungumzia. Ni keki inayotosha kiganjani, ya rangi ya kahawia iliyokoza, laini kama sponji. Ndani yake imejazwa krimu nyeupe tamu, na mara nyingi nje imepakwa chokoleti nyororo. Hufungwa mojamoja au mbilimbili ili mtoto aiweke katika mkoba wa chakula cha mchana. Zilizo mashuhuri ni CupCake, Ding Dongs na Ho Hos za Hostess. Devil Dogs, Ring Dings na Yodels za Drake's. Na keki za kuviringishwa za Little Debbie. Kanada wana Jos Louis. Twinkies si keki ya chokoleti, lakini ni ya ukoo huo huo na historia yake haitenganishwi na ya ndugu zake, kwa hiyo nitaitaja pia.

Kutoka jikoni hadi kiwandani

Keki ya chokoleti iliyokoza ilikuwa kazi ya nyumbani kabla ya kuwa bidhaa. Ili iwezekane, mambo matatu yalihitajika. La kwanza ni unga wa kakao. Mwaka 1828 familia ya van Houten huko Uholanzi ilipata hataza ya njia ya kukamua mafuta katika kakao, na masalia yake yakasagwa kuwa unga mwepesi wa kuchanganya. La pili ni soda ya kuokea. Kakao ya kawaida ina asidi. Inapokutana na soda, hewa ya kaboni hutoka na kuinua keki, na rangi yake hukoza. Kufikia mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, vitabu vya mapishi vya Marekani vilikuwa na keki ya namna hiyo, iliyopewa jina la utani la chakula cha shetani kwa sababu ya weusi na utamu wake. La tatu ni mafuta meupe magumu ya mimea, ya aina ambayo wasomaji wengi wa kwetu wanaijua kwa jina la Kimbo. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuuza Crisco, mafuta ya mbegu za pamba yaliyogandishwa kwa haidrojeni. Yalikuwa rahisi kuliko siagi na hayakuharibika upesi. Hili la tatu ndilo litakaloamua mwelekeo wa historia yetu.

Haifai kusahau kwamba kakao haioti Marekani bara. Kufikia mwaka 1911, Gold Coast, yaani Ghana ya leo, ilikuwa imekwisha kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na zao hilo lililimwa hasa na wakulima wadogo wa Kiafrika. Unga ule wa kahawia ulioingia katika mabakuli ya Marekani ulikuwa na historia ya mikono mingine nyuma yake. Nitalirudia jambo hili baadaye.

Mkate ndio uliotangulia kuhama nyumbani kwenda kiwandani, na keki ikafuata. Mwaka 1919 kampuni ya kuoka mikate ya Taggart, katika jiji la Indianapolis, ilianza kuuza keki ndogo ya chokoleti ya kikombe. Haikuwa na krimu ndani, wala ule mstari mweupe wa mizunguko uliokuja kuwa alama yake. Mwaka 1925 Taggart ilinunuliwa na Continental Baking Company, na keki hiyo ikaenea miji mingi chini ya jina la Hostess. Jina lenyewe linafaa kuangaliwa. Maana yake ni mwanamke mwenyeji anayewakaribisha wageni nyumbani kwake. Kiwanda kiliuza keki kwa kuvaa sura ya mama wa nyumbani.

Wakati mwingine haikuwa sura tu. Mwaka 1923, huko Sainte-Marie katika eneo la Beauce, jimbo la Québec, Arcade Vachon na mkewe Rose-Anna Giroux walinunua duka la kuoka mikate. Mkate peke yake haukutosha kulisha familia kubwa, hivyo Rose-Anna akaanza kutengeneza maandazi na keki za kuongezea. Mwaka 1932 ikazaliwa Jos Louis, keki mbili za duara zilizobana krimu katikati na kuvikwa chokoleti, iliyopewa majina ya wana wao wawili, Joseph na Louis. Vivyo hivyo, mwaka 1934 O. D. McKee na mkewe Ruth walikuwa wakiuza keki za senti 5 kutoka ndani ya gari lao katika mji wa Chattanooga, Tennessee. Biashara yao ndiyo iliyokuja kuwa Little Debbie mwaka 1960, jina la mjukuu wao aliyekuwa na umri wa miaka minne.

Hata asili ya keki inayoitwa whoopie pie, vipande viwili vya keki ya kakao vyenye krimu katikati, inabishaniwa hadi leo. Watu wa Maine wanasema ni yao, na mwaka 2011 jimbo hilo liliifanya kuwa kitafunio chake rasmi. Watu wa Pennsylvania nao wanasema ilitoka katika majiko ya jamii ya Amish. Ubishi wenyewe una maana kwa mwanahistoria. Katika miaka ya 1920 na 1930 mpaka kati ya jiko la nyumbani na kiwanda ulikuwa mwembamba, kiasi kwamba ni vigumu kusema keki fulani ilizaliwa upande gani.

Krimu isiyo ya maziwa

Krimu iliingiaje katikati ya keki? Kisa kinachojulikana zaidi ni cha James Dewar, mwokaji wa Continental karibu na Chicago. Kiwanda chake kilikuwa na vyombo vya kuokea keki za stroberi, lakini msimu wa matunda hayo ulipokwisha vyombo vilikaa bure. Mwaka 1930, nchi ikiwa ndani ya mdororo mkuu wa uchumi, Dewar alivitumia kuoka keki ndefu na kuzijaza krimu ya ndizi. Mbili ziliuzwa kwa senti 5. Hiyo ndiyo Twinkies. Wazo halikutokana na karamu. Lilitokana na hasara ya chuma kilicholala bila kazi.

Vita Kuu ya Pili vilileta mabadiliko. Ndizi ziliadimika, na krimu ya ndizi ikabadilishwa kuwa ya vanila. Sukari nayo ilianza kugawiwa kwa kadi mwaka 1942 na ikaendelea hivyo hadi mwaka 1947. Mtu aliyepitia miaka hiyo mitano alijua uzito wa kijiko cha sukari. Si ajabu kwamba kipindi kilichofuata kilikuwa cha utamu bila kipimo. Takriban mwaka 1950 mfanyakazi wa Continental, D. R. Rice, alipewa jukumu la kuiboresha keki ya kikombe ya mwaka 1919. Krimu ya vanila ikaingizwa ndani, na juu ukachorwa mstari mweupe wenye mizunguko minane. Keki hiyo ilikuwa na zaidi ya miaka 30 kabla ya kupata sura ambayo watu huiita ya asili.

Tuseme pia ukweli kuhusu krimu yenyewe. Krimu ya maziwa huchacha haraka nje ya jokofu. Keki inayosafiri kwa lori kutoka mji hadi mji na kukaa rafuni haiwezi kuibeba. Kwa hiyo kilichoingizwa ndani kilikuwa mafuta meupe, sukari na hewa. Ndiyo maana katika makasha mengi ya Marekani neno hilo huandikwa kwa tahajia tofauti na ile ya krimu ya maziwa. Keki za mwanzo zilikuwa na maziwa, mayai na siagi, nazo zilikaa siku chache tu kabla ya kuondolewa dukani. Kadiri miaka ilivyokwenda, vitu hivyo vilipunguzwa na mahali pake pakachukuliwa na mafuta ya viwandani, unga wa maziwa na dawa za kuzuia ukungu. Kila badiliko lilikuwa na sababu ya kibiashara: keki ikae siku nyingi, ifike mbali, irudishwe kidogo.

Utoto uliofungwa kwa foili

Miaka ya 1950 hadi 1970 ndiyo iliyotengeneza kumbukumbu. Hostess ilidhamini kipindi cha watoto cha televisheni cha Howdy Doody, na katika miaka ya 1970 mashujaa wa vitabu vya katuni walionekana katika matangazo wakiwashinda wahalifu kwa kuwapa keki. Drake's walikuwa na Ring Dings tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1967 Hostess ikatoa Ding Dongs, duara iliyofunikwa chokoleti na kufungwa kwa kipande cha foili. Kwa kuwa majina ya mahasimu hao wawili yalifanana mno, katika baadhi ya maeneo Ding Dongs ziliuzwa kwa jina jingine. Mtoto wa pwani moja na mtoto wa pwani nyingine walikula kitu kile kile na kukumbuka majina tofauti.

Foili ilikuwa na kazi ya kuzuia chokoleti isichafue vitu vingine katika mkoba. Lakini kwa mtoto ilikuwa zaidi ya hapo. Ilikuwa na mlio, ilikuwa na mng'ao, na baada ya kula iliweza kufinyangwa kuwa mpira. Wanaozikumbuka keki hizi hutaja foili mapema kama wanavyotaja ladha, na wengine hulalamika kwamba keki ilipoteza kitu foili ilipoachwa na kufungwa kwa plastiki.

Tuangalie pia upande wa mama. Baada ya vita wanawake wengi zaidi wa Marekani waliingia katika kazi za mshahara, huku mzigo wa jiko ukibaki mabegani mwao. Kasha la keki 12 kwa senti 49, ambalo Little Debbie walianza kuliuza mwaka 1960, lilikuwa msaada wa kweli. Liliokoa saa za kukoroga, kuoka na kuosha vyombo. Mtoto alipofungua mkoba wake shuleni na kukuta keki, alikuta ishara kwamba kuna mtu aliyemfikiria asubuhi hiyo, ingawa mtu huyo hakuioka. Nadhani hapa ndipo hamu ya zamani inapotia mizizi. Keki ya kiwandani ilipita katika mkono wa mama, ikachukua joto lake.

Novemba 2012

Wakati kumbukumbu zikinawiri, kampuni yenyewe ilikuwa ikipita mikononi mwa wamiliki mbalimbali. Continental ilinunuliwa na ITT mwaka 1968, ikauzwa kwa Ralston Purina mwaka 1984, kisha kwa Interstate Bakeries mwaka 1995. Interstate iliomba kinga ya sheria ya ufilisi mwaka 2004 na ikatoka humo mwaka 2009, ikachukua jina la Hostess Brands. Januari 2012 iliomba kinga hiyo tena. Ilikuwa na madeni makubwa, mashine zilizochakaa na wateja waliokuwa wakibadili ladha.

Wafanyakazi walitakiwa kukubali mishahara ipunguzwe kwa asilimia 8, walipie zaidi bima ya afya, na wakubali mabadiliko katika pensheni zao. Kabla ya hapo, katika mwaka 2011, kampuni ilikuwa imeacha kupeleka michango ya pensheni. Chama cha madereva kilikubali masharti kwa kura chache. Chama cha waokaji kilikataa, kikaanza mgomo tarehe 9 Novemba 2012. Wiki moja baadaye, tarehe 16 Novemba, kampuni ilitangaza kwamba inafunga. Takriban watu 18,500 walikuwa wanapoteza kazi.

Nani alikosea? Wakuu wa kampuni walisema mgomo ndio uliokata pumzi ya mwisho. Waokaji walisema walikuwa wamekwisha kukubali kupunguziwa mara nyingi tangu ufilisi wa kwanza, ilhali waliokuwa juu walijiongezea malipo, na kwamba kampuni inayoshindwa mara mbili katika miaka minane haiuawi na mgomo wa siku saba. Kwa maoni yangu hoja ya waokaji ina uzito zaidi, kwa sababu madeni na mashine mbovu havikuletwa na mgomo. Lakini mwanahistoria hana budi kukiri kwamba pande zote mbili zilijua hatari, na waliogoma walijua kwamba huenda wasirudi kazini.

Kinachonihusu zaidi katika insha hii ni mwitikio wa umma. Watu walikimbilia madukani na kumaliza rafu. Makasha ya Twinkies yalinadiwa kwa bei mara nyingi zaidi ya thamani yake. Magazeti na televisheni zilichapisha mapishi ya kuoka CupCake, Ding Dongs na Twinkies nyumbani, na watu wakaingia jikoni. Lilikuwa ombolezo la kitaifa. Lakini aliyeombolezwa alikuwa nani? Ukiyaangalia maombolezo hayo, utaona kwa sehemu kubwa ni utoto wa wanunuzi. Watu 18,500 walitajwa, kisha habari ikaendelea kwenye keki.

Keki yafika jikoni

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko historia hii inakoonekana kwa macho. Mwokaji wa nyumbani huchanganya unga wa ngano, sukari, kakao, soda ya kuokea na chumvi. Huongeza mayai, mafuta ya maji, maziwa yaliyochachuka kidogo, na mara nyingi kahawa ya moto, ambayo huikoza ladha ya kakao bila yenyewe kusikika. Rojo hilo ni jepesi, karibu kama uji, na huokwa katika vikombe. Keki zikipoa, huchimbwa kishimo kwa chini au hutobolewa kwa mdomo wa mfuko wa krimu, kisha hujazwa. Mwisho hugeuzwa juu chini na kuchovywa katika chokoleti iliyoyeyushwa kwa krimu ya moto, na kuchorwa ule mstari wa mizunguko.

Ugumu uko katika krimu. Wanaotumia siagi na sukari hupata krimu tamu sana, lakini si ile. Siagi huyeyuka karibu na joto la mwili wa binadamu, hivyo hupotea mdomoni upesi na kuacha ladha ya maziwa. Krimu ya kiwandani ilikuwa nyepesi, ikabaki ulimini, isiyo na ladha ya maziwa hata kidogo. Ndiyo maana wengi huishia kwenye mafuta meupe magumu yaliyopigwa pamoja na Marshmallow Fluff, ule utamu mweupe wa kopo uliotokana na mapishi ya Archibald Query wa Somerville, Massachusetts, takriban mwaka 1917. Wengine hupika maziwa na unga hadi vizito kama uji, huvipoza, kisha huvipiga pamoja na siagi na sukari hadi viwe vyepesi. Njia hii ya pili ni ya zamani, na wengi huiona ndiyo iliyo karibu zaidi.

Hapa pana fundisho. Mwokaji mwenye siagi nzuri na kakao bora hutoa keki iliyo bora kuliko ya kiwandani, na bado husikitika kwa sababu haifanani na anayoikumbuka. Ili akutane na utoto wake inambidi aiharibu keki yake kidogo. Zaidi ya hayo, hata kiwanda chenyewe hakitengenezi tena keki hiyo. Mafuta yaliyogandishwa kwa haidrojeni yalithibitika kudhuru moyo. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua yaondolewe katika vyakula, na marufuku ikaanza kutekelezwa mwaka 2018. Keki ya mwaka 1967 haipo dukani wala jikoni. Ipo katika kumbukumbu tu.

Tena kuna kinaya cha pili. Keki inayookwa nyumbani hukauka baada ya siku mbili au tatu. Mwokaji wa leo, bila kujua, anarudi kwenye shida ile ile iliyomkabili Dewar mwaka 1930, kabla ya dawa za kuzuia ukungu. Keki imerudi nyumbani ikiwa na umri wa mwanzo.

Waliobaki nje ya kumbukumbu

Chapa za keki za Hostess ziliuzwa mwaka 2013 kwa dola milioni 410 kwa kampuni za uwekezaji za Apollo na Metropoulos. Tarehe 15 Julai mwaka huo keki zilirudi madukani, na wateja wakashangilia. Viwanda vilivyofunguliwa upya vilikuwa vichache, na wafanyakazi wakawa wachache mno kuliko waliokuwapo. Kiwanda cha Schiller Park, karibu na Chicago, kilifungwa tena mwaka 2014. Mwaka 2023 kampuni ya J. M. Smucker iliinunua Hostess kwa takriban dola bilioni 5.6, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba itakifunga kiwanda cha Indianapolis, mji ule ule ambamo keki ya kikombe ilianza kuuzwa mwaka 1919.

Tuweke tarakimu hizo kando kwa kando. Chapa iliyouzwa kwa milioni 410 ilifika bilioni 5.6 katika miaka kumi. Kilichonunuliwa kwa bei hiyo hakikuwa mashine pekee, wala ustadi wa mikono ya waokaji. Kwa sehemu kubwa ilikuwa ni kumbukumbu ya watu. Hamu ya zamani ina bei, na anayelipwa bei hiyo si yule aliyeoka keki iliyotamaniwa.

Ni kweli, mtu anaweza kupinga na kusema kwamba keki ni keki, na kwamba mtu anayeoka na wanawe Jumapili hana deni kwa yeyote. Nakubali kwamba hana hatia. Lakini nadhani oveni yake inaweza kumfundisha kitu ambacho kasha la dukani halikumfundisha. Kujaza keki 12 kwa mkono, kuzichovya, kuzipoza na kuchora mizunguko minane juu ya kila moja ni kazi ya nusu siku, na mgongo hulalamika. Hapo ndipo mtu huanza kuuliza: walioifanya kazi hii kila siku, miaka 30, zamu ya usiku, walikuwa nani? Waliokuwa wakipakia malori alfajiri je? Sisi wanafunzi wa historia hufundishwa kusoma nyaraka, na ni sawa. Lakini kurudia kazi kwa mikono nako ni njia ya kujifunza, kwa sababu nyaraka za kampuni huhesabu makasha wala hazihesabu maumivu ya mabega.

Na swali hilo haliishii Indianapolis. Leo Ghana na Côte d'Ivoire kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, na karibu nasi wakulima wa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, wanaanika mbegu hizo hizo juani. Wengi wa wanaoilima hawajawahi kula keki tunayoizungumzia, wala hakuna kasha linalowataja. Historia ya chakula inayoanza dukani na kuishia mdomoni ni historia nusu.

Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba keki ndogo ya chokoleti yenye krimu ilitoka katika majiko na maduka madogo ya kuoka ya miaka ya 1920 na 1930, ikabadilishwa na kiwanda ili iweze kukaa na kusafiri, ikapandwa katika kumbukumbu za watoto kwa njia ya televisheni, foili na mikoba ya shule, kisha ikarudi nyumbani kwa kishindo kiwanda kilipofungwa mwaka 2012. Imeonesha pia kwamba kile kinachookwa leo si keki ya nyumbani ya kale. Ni nakala ya nyumbani ya kitu cha kiwandani, kilichokuwa nacho kikiiga nyumbani.

Methali inauliza, mla jana kala nini? Waokaji wa Marekani wanaweza kujibu bila kusita, hadi idadi ya mizunguko iliyochorwa juu. Swali walilobaki nalo, na tulilobaki nalo sisi tunaosoma historia ya vitu vya kawaida, ni dogo na ni gumu zaidi: mla jana, nani alimwokea?